Blauzi ya Malkia

Maisuru, 12 Juni 2003

Mdogo wangu Jalaja,

Pole. Najua neno hili limechelewa miezi mitatu, na una haki ya kulitupa uani pamoja na maganda ya fenesi. Habari za kifo cha mumeo Subraya nilizipata siku ya nne. Nikakaa na kalamu, nikaandika "Mdogo wangu," nikaishia hapo hapo. Mwandishi mzima, vitabu vitano, nashindwa barua moja ya msiba! Unakula? Unalala? Na mama mkwe wako, bado anakuamrisha vile vile?

Sikupiga simu kwa sababu simu yenu iko barazani, na Nagaveni, mke wa shemeji yako, yuko radhi chungu kiungue jikoni ili asikie watu wanaongea nini.

Sasa shida yangu. Nimeandika riwaya. Siku hizi kila mwandishi mwanamke wa nchi hii ameshika tenzi za kale, anazisimulia upya kwa kinywa cha mwanamke: mke aliyetekwa, mke aliyefukuzwa, mke aliyewekwa rehani kwenye kamari. Maduka ya vitabu yamejaa malkia mpaka basi. Mimi nimemchukua yule asiye na jina. Unamkumbuka, kwenye utenzi wa vita vya mabinamu: mfalme amekufa bila mtoto, mama yake anamwita mtawa wa msituni aje alale na wajane ili ukoo usikatike. Mtawa ananuka, ndevu zimesokotana. Malkia akienda mara moja hataki kurudi tena, basi anamvika kijakazi wake nguo zake mwenyewe na kumpeleka badala yake. Utenzi una beti laki moja, na huyu kijakazi ana beti chache tu humo ndani. Nimempa kitabu kizima.

Wewe unaujua utenzi ule kuliko wanazuoni ninaokaa nao meza moja. Mchapishaji anautaka mswada mwisho wa Septemba, nami siupeleki bila neno lako. Ukisema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa kwa mtu wa namna hiyo, nitaupeleka. Ukisema hapana, utabaki kabatini. Nasema kweli.

Najua mama mkwe wako hataki kitabu cha vita vile kiingie nyumbani kikiwa kizima, eti kitaleta ugomvi kati ya ndugu. Basi nimetoa sura moja, ya saba. Mwambie hakijakamilika, atulie.

Dada yako,
Malati


Hulemane, 25 Juni 2003

Dada Malati,

Mswada umefika, umelowa pembeni. Mvua hapa haijakatika tangu wiki iliyopita. Niliupokea mbele ya Nagaveni, akauliza, "Hayo ni mashtaka?" Nikamwambia ni mapishi. Akasema, "Mapishi yote hayo, na mchuzi wako wa sambari bado hauna chumvi!" Haya.

Mama mkwe aliwaita wote barazani. Yeye hasomi, kwa hiyo Nagaveni alimtajia sura moja moja. Ya tano, ya sita, ya nane. "Ya saba iko wapi?" Nikamwambia haipo. Akatema tambuu yake, akasema, "Vizuri. Iingie." Hata marehemu alifanyiwa hivyo hivyo. Vile vitabu vyake vya utenzi alilazimika kung'oa kurasa za mwisho nje, kwenye mvua, kabla hajavivusha kizingiti. Ndiyo maana naujua utenzi wote isipokuwa mwisho. Sijui nani aliingia mbinguni. Alikuwa akisoma kwa sauti jioni, mimi namenya popoo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu miaka ishirini na mitatu. Jina lake sijawahi kulitaja, na yeye hakuwahi kutaja langu. Wake wengine huku wanaitwa angalau mama fulani. Sisi hatukujaliwa mtoto.

Unauliza kama nalala. Nalala. Nakula pia, na hiyo ndiyo kesi yangu hapa. Sijalia. Siku aliyokufa wanawake walikuja kulia pamoja nami, wakalia peke yao. Nagaveni alinifinya mkono, nadhani alifikiri nimesahau. Nilihisi kidole chake, basi. Bangili za ndoa nilizivua mwenyewe, nikaziweka kwenye kopo la dengu, nikaenda kuwasha moto. Si kwamba nafurahi. Hakuwa mtu mbaya. Najitafuta ndani nione kuna nini, nakuta pametulia tu.

Nimesoma mpaka sura ya sita. Ni nzuri. Ila kijakazi wako anatazama mwezi mno. Mtu aliyeteka maji tangu alfajiri hana habari na mwezi, anatazama kisigino chake kilichopasuka. Tena malkia anapopakwa mafuta kichwani anatoa siri zake zote, sawa, lakini usiseme kijakazi anasikiliza kila neno. Anafikiria kazi iliyobaki. Pale malkia anapomfundisha kusoma nimepapenda. Nilikukumbuka ulivyonifundisha kwa kaa la moto lililozimika, ukutani, nyuma ya ghala, nilipoletwa kwenu yatima. Baba yako alikuchapa kwa ajili ya ule ukuta.

Watu wa huku bado wanasema wewe ndiye uliyeniponza, ulipoikimbia harusi yako nikavalishwa mimi. Huwa nawajibu: hakujua. Msichana wa miaka kumi na tisa anakimbia harusi, atajuaje watamkamata nani? Nimekutetea miaka yote hii, hata mbele ya marehemu. Kwa hiyo usijisumbue na lile neno "pole" lililochelewa.

Nitumie sura ya saba. Nitaisomea kwenye banda la kukaushia popoo, haitavuka kizingiti.

Mdogo wako,
Jalaja


Maisuru, 8 Julai 2003

Jalaja wangu,

Nimecheka peke yangu kwa ile habari ya mwezi! Nimeufuta mara tisa. Kisigino nimekiandika, na mhariri wangu, kijana anayevaa miwani miwili kwa zamu, amesema hicho kisigino ndicho kilichomliza. Unaona? Wewe ndiwe uliyestahili kuwa mwandishi.

Ya saba haijaiva. Kuna mahali bado panagoma. Hebu soma kwanza ya nane mpaka ya kumi na mbili, uniambie habari za yule mtoto mwenye hekima ambaye kijakazi anamzalia mtawa. Ukitoa neno kwa hizo, inatosha kabisa.

Dada yako,
Malati


Hulemane, 15 Julai 2003 (kadi ya posta)

Dada Malati,

Ya nane mpaka ya kumi na mbili nimemaliza. Mwenzangu alipata mtoto mwenye hekima, mimi nilipata mama mkwe. Lakini bila ya saba siwezi kusema ndiyo wala hapana. Ndipo anapovalishwa. Kitabu chote kiko hapo.

Jalaja


Maisuru, 22 Julai 2003

Jalaja,

Haya, hii hapa. Nimeiandika mara kumi na moja. Tafadhali kumbuka ni kitu cha kubuni, mwandishi huokota huku na huku. Mwishoni utaona kijakazi anatabasamu na kumwambia malkia, "Hata ungeniuliza ningekubali." Napenda sana mahali hapo. Mhariri anasema ndipo wasomaji watakapopumua.

Nangoja neno lako. Kila tarishi akipita mlangoni nasimama.

Malati


Hulemane, 2 Agosti 2003

Dada Malati,

Nimeisoma bandani, nimekaa juu ya magunia. Nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Nagaveni alikuja kuniuliza habari za siki.

Swali moja. Malkia wa zama zile hawakuvaa blauzi. Walijifunga vitambaa, hakukuwa na blauzi ya kupimwa bega na kifua. Wewe umesoma chuo, unalijua hilo kuliko mimi. Sasa mbona malkia wako anamwita fundi siku tatu kabla, anasema kichwa kinamuuma, na kijakazi anasimama apimwe badala yake? Umeitoa wapi?

Jalaja


Maisuru, 10 Agosti 2003

Jalaja wangu,

Loo, umenikamata! Kosa la aibu kabisa. Wanazuoni wangenichinja hadharani. Nitaifuta blauzi, niweke shela au mkufu.

Imetoka wapi? Marehemu mama aliwahi kunisimulia kwamba siku ile blauzi ilikukaa vizuri, na jambo hilo likabaki kichwani. Ndivyo tulivyo sisi, tunameza vitu bila kujua. Usiipe uzito.

Vipi kuhusu sura yenyewe? Tabasamu limekugusa?

Malati


Hulemane, 19 Agosti 2003

Dada Malati,

Mama hakukusimulia. Hakujua kwamba nilipimwa mimi, siku ile alikuwa hekaluni tangu asubuhi. Chumbani tulikuwa watatu: wewe, mimi na fundi Manjappa, na Manjappa alikuwa haoni vizuri, aliandika vipimo vyangu akidhani ni vyako. Wewe ulikuwa umelala na kitambaa cha maji usoni. Alipotoka ulikitupa hicho kitambaa, ukaniomba embe mbichi na chumvi. Nilikuletea. Nilifurahi kwamba kichwa kimepona upesi.

Acha nikwambie siku ya harusi ilivyokuwa, kwa sababu hukuwepo. Nilikuwa nakuna nazi za watu mia tatu. Nje wanasema basi la Dharwad limekupakia alfajiri na bwana harusi yuko njiani na watu wake wote. Saa nne shangazi akaingia jikoni na ile blauzi nyekundu mkononi. Akasema, "Inua mikono." Nikainua. Mikono ilikuwa na nazi mpaka kiwikoni, nikafikiri ataichafua. Akanivisha, akafunga vifungo, na wanawake wote wakapiga kelele, "Tazameni! Utasema kashonewa! Mungu ameshaamua!" Nami nikasadiki. Miaka yote hii nimekuwa nikisema, kama isingenikaa wangemtafuta mwingine, labda yule binti wa jirani aliyekuwa mnene kidogo. Nilipokosa mtu wa kumlaumu niliilaumu ile nguo. Kumbe kweli nilishonewa.

Niliuliza kitu kimoja tu siku ile. Niliuliza, "Malati anajua?" Shangazi akasema, "Malati hajui lolote, huyo na wazimu wake." Nikashukuru. Unasikia dada? Nilikwenda kukaa mbele ya moto wa ndoa nikiwa nashukuru.

Sasa nakuuliza, na unijibu kwa barua, siyo kwa riwaya. Uliniita nipimwe kwa kusudi hilo?

Siandiki kwa hasira. Natazama mkono unavyoandika, nasubiri hasira, haiji. Mama mkwe anataka mtindi wake. Naishia hapa.

Jalaja


Maisuru, 30 Agosti 2003

Jalaja,

Ndiyo.

Barua ya kukubaliwa chuo cha Dharwad nilikuwa nimeificha ndani ya mto wa kulalia. Subraya alikuwa na miaka thelathini na minane, mke wake wa kwanza alikufa kisimani na watu wakinong'ona. Niliogopa, Jalaja, niliogopa mpaka nikawa sisikii njaa. Na nilimjua baba. Nikikimbia tu, angekuja Dharwad na fimbo, anirudishe, harusi isogezwe wiki moja. Nikakaa nikafikiri, nikaona kuna njia moja tu ya yeye kutonifuata: harusi iwe imekwisha. Kwa hiyo nilitaka ifanyike. Nikamwita fundi, nikakuita wewe.

Alfajiri niliacha karatasi juu ya ile blauzi, kwa baba. Niliandika maneno mawili: "Jalaja yupo." Baba aliichoma, aliniambia mwenyewe baadaye, wala shangazi hakuiona. Nilikupita jikoni umelala kwenye mkeka, mguu mmoja nje ya shuka. Niliufunika. Sijui kwa nini nakwambia hilo, halinisaidii kitu.

Nimeandika vitabu vitano juu ya wanawake walioonewa. Watu husimama ukumbini kunipigia makofi, nami hupokea. Hiki cha sita nilidhani nakuandikia wewe. Nilifikiri nikiingia kwenye kinywa cha kijakazi nitakuwa nimekuomba radhi bila kuomba. Nikamfanya atabasamu kwa sababu nilitaka kukuona wewe ukitabasamu, na nikaitoa sura ile mwanzoni kwa kisingizio cha mama mkwe wako. Hata imani ya bibi kizee nimeitumia kujifichia. Naona aibu.

Niambie nifanye nini. Nitaichoma sura. Nitauchoma mswada wote, mchapishaji atafute mwingine. Au nitauchapisha na mbele kabisa niandike: kwa Jalaja, na yote niliyoyafanya. Na njoo, njoo ukae nami Maisuru. Kuna chumba upande wa mashariki, hakina mtu, nimeshakifagia. Hutateka maji, hutapika, utasoma mwisho wa utenzi. Sema lolote, nitafanya.

Malati


Hulemane, 21 Septemba 2003

Malati,

Barua yako nimeiweka ndani ya kopo la mchele siku kumi na nne. Niliisoma nikasubiri nione nitahisi nini. Nikapika, nikasubiri. Nikachuja kahawa. Moyo umekufa ganzi, watu husema hivyo kwa mzaha, lakini mimi nilikaa nikiugusa kidogo kidogo na hakuna kilichouma.

Juzi ilikuwa ibada ya marehemu ya kutimiza miezi sita. Tulipika tangu asubuhi, makuhani wakala, tukaweka tonge la wali uani kwa ajili ya kunguru. Kunguru hawakuja. Unajua inavyokuwa, hakuna anayegusa chakula mpaka wao wale, na wasipokula watu husema marehemu ana kinyongo na mtu. Tulisimama chini ya miavuli saa nzima. Shemeji akasogea, akamwahidi marehemu kwamba atayatunza mashamba yake ya popoo. Hakuna kunguru. Mama mkwe akaahidi kuacha tambuu, wote tukatazama chini tusicheke. Hakuna kunguru. Nagaveni, njaa imemkaba, akasema, "Anamngoja mkewe. Chozi hata moja hajalitoa, mnategemea nini?"

Basi wakanisukuma mbele. Mama mkwe akanipa maneno ya kusema: kwamba nitabaki kwenye nyumba hii, nimtumikie yeye mpaka afe, nisiende kuishi kwingine popote. Akasema, "Haya sema, wali unapoa."

Nikafungua mdomo nikasema, "Sitaki."

Sikupanga. Wala sauti haikuwa kubwa. Mama mkwe akasema, "Unasemaje?" Nikarudia, "Sitaki." Nikashindwa kunyamaza, sitaki, sitaki, na hapo machozi yakaja, nikakaa kwenye tope, nikalia mpaka nikatapika. Hasira yangu yote ilikuwa juu yako. Marehemu sikumlilia, maskini, hata kidogo. Nililia kwa ajili ya ile embe na chumvi. Nagaveni akanishika mabega, akasema, "Lia dada, lia, sasa ndiyo umefiwa." Kunguru wakaja wawili, wakala. Kila mtu akasema marehemu alikuwa akingoja machozi yangu tu. Mimi nadhani kunguru walikuwa na njaa na mvua ilikuwa imepungua. Nililetewa kahawa, na katika nyumba hii mtu hajawahi kunichujia kahawa. Niliinywa yote.

Ile ahadi hakuna aliyenirudia nayo. Leo ganzi imerudi, karibu yote. Nitakwenda wapi au nitabaki, sijui, na kwa mara ya kwanza si wewe wala wao mtakaosema.

Sasa neno lako. Sura ya saba usiichome. Blauzi iache, na kosa la zama liache, wanazuoni wacheke. Malkia alale na kitambaa chake usoni, mwenzake akipimwa. Lile tabasamu ndilo ulitoe, na ile "ningekubali" uitoe pia. Pale anapoambiwa ainue mikono, mpe neno aseme, lile nililolisema uani. Waendelee kumvalisha, kwa sababu ndivyo wangefanya. Mimi siku ile sikulisema. Sikujua kama ni neno ambalo mtu wa jikoni anaweza kulisema na dari isianguke.

Ukiandika hivyo, upeleke mswada.

Jina langu usiliweke mbele ya kitabu. Na hicho chumba cha mashariki, sitaki.

Usiniandikie mpaka nianze mimi. Sijui kama nitaanza.

Jalaja